Nipe Hicho cha Kidato cha Kwanza

Jumanne, 3 Desemba 2024

Mvua imeanza na ukungu wake. Leo nimempeleka Mama hospitali hapa Sumbawanga kuchukua majibu. Daktari, kijana mpole lakini mwenye haraka, alisema ni saratani ya mlango wa kizazi. Imetoka kidogo nje ya mlango ila haijaenda mbali. Upasuaji haufai tena. Inatakiwa mionzi, na mashine ziko Dar. "Msikae sana nyumbani," alisema.

Mama alimsikiliza mikono ikiwa mapajani. Kisha akauliza, "Hiyo mionzi ikinifikia, inanifanya nini?"

"Inaua seli za saratani, mama."

"Inaziuaje? Na mimi inaniachaje?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu kidogo," akasema, akaita jina la mgonjwa anayefuata.

Tulipofika kibarazani Mama akajifunga kitenge vizuri, akaitazama mvua. "Albina, sitalala chini ya mashine ambayo hakuna mtu anayeweza kuniambia inafanya nini. Ukimpata wa kuniambia, nitakwenda."

Nilimwambia huo ni ukaidi. Akasema ndiyo, ni ukaidi. Nimerudi chumbani kwangu mjini nina hasira naye, na nimeanza kuandika hapa kwa sababu sina pa kuipeleka.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua. Wamenipigia kutoka Pito, kijijini kwetu, kuwa Mama yuko shambani anapanda mahindi.

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya misa baba mdogo Fabiani alikuja nyumbani Pito. Ni mdogo wake marehemu baba, na tangu baba afariki yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho katika ukoo. Miaka sita iliyopita mkewe, mama mdogo Monika, alipelekwa Dar kupigwa mionzi. Alirudi ndani ya jeneza.

Hakukaa hata kwenye kiti. "Shemeji, nimesikia. Mimi nasema hapana. Mionzi ni moto wanaokuwekea tumboni. Niliondoka hapa na mtu anatembea. Na ule moto hautoki, unabaki mwilini. Utarudi uwaambukize hawa wajukuu."

Mama akaendelea kupepeta maharage. Mimi ndiye niliyejibu, na kwa sauti ambayo mtoto hamjibu nayo baba mdogo. Nilisema hayo ni maneno ya vijiweni.

"Haya, wewe msomi," akasema. "Mionzi ni kitu gani?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Aliondoka bila kunywa chai. Kinachonichoma hadi sasa ni kwamba swali lake lilikuwa halali, na ni lile lile la Mama.

Jumanne, 10 Desemba

Nafanya kazi steshenari ya Loth, karibu na stendi: natoa kopi, nachapa barua, natafutia watu matokeo ya mitihani. Kompyuta ipo na mtandao upo. Nikajisemea, leo nalimaliza swali hili.

Nikaandika kwa Kiswahili: mionzi inafanyaje kazi mwilini. Ikaja dawa ya mizizi inayotibu saratani, kisukari na kukosa mchumba. Nikaandika kwa Kiingereza. Ukurasa wa kwanza uliofunguka ulikuwa na alama nyingi za Kigiriki kuliko maneno. Wa pili ulisema ni kwa ajili ya wanaoanza, na mstari wa tatu ukadai msomaji awe anajua hesabu za chuo kikuu. Nikasoma sentensi moja mara nane. Neno pekee nililolielewa lilikuwa "kwa hiyo".

Loth akapita nyuma yangu. "Bando langu hilo. Unasomea udaktari?"

"Nasomea jibu," nikamwambia.

Jumamosi, 14 Desemba

Maktaba: kitabu kimoja cha fizikia, kurasa za katikati zimechanwa, na zilizochanwa ni za atomu. Wauza vitabu sokoni wana vijitabu vya maswali na majibu ya mtihani. Kimoja kinasema: "Mionzi ni utoaji wa nishati kutoka kwenye chanzo." Nikamuuliza muuzaji, sasa hiyo nishati ikimkuta mtu? Akasema swali hilo haliji kwenye mtihani.

Jumanne, 17 Desemba

Nimekwenda kwa mwalimu Isdori. Sikutaka. Nilipokuwa kidato cha pili ndiye aliyenitoa darasa la fizikia. Alisoma majina ya wasichana tuliopata chini ya hamsini, akasema, "Hawa waende wakasome historia, tusipotezeane muda." Mimi nilikuwa na arobaini na nane.

Nilimkuta nyumbani kwake anapalilia bustani, shule zikiwa likizo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikumbuka hata jina. Nikamweleza kuhusu Mama na kile ninachokitafuta: kitabu cha mtu anayeanza kabisa, kinachosema mionzi na zile chembe zake zikikutana na mwili hutokea nini.

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Albina, hayo ni ya chuo kikuu. Huwezi kuyarukia. Ungelazimika kuanza na kitabu cha kidato cha kwanza."

"Nipe hicho cha kidato cha kwanza basi."

Akadhani natania. Nilibaki nimesimama kwenye matope ya bustani yake. Mwishowe alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka navyo vitatu: cha kwanza, cha pili, na cha nne. "Ukikwama usije kunilaumu," akasema.

"Nikikwama nitakuja kukuuliza. Ndiyo kazi yako, mwalimu."



Jumatatu, 23 Desemba

Nimemaliza cha kwanza. Si kigumu. Kwa nini waliniambia ni kigumu?

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Mama amekula kidogo sana. Wageni walipomuuliza hali akasema yeye ni mzima, ila anasubiri jibu.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Sasa najua atomu ina kiini katikati na elektroni nje, na kwamba sehemu kubwa ya atomu haina kitu. Niliiweka mikono yangu mezani nikaitazama muda mrefu.

Ila kitabu cha kidato cha nne kinaishia pale pale nilipotaka kuingia. Kinataja aina tatu za mionzi, ipi inazuiwa na karatasi, ipi na madini ya risasi, kisha maswali ya kujipima. Mtu hayupo humo. Hakuna aliyeandika mwili.

Jumamosi, 11 Januari

Nimerudi kwa mwalimu Isdori na maswali niliyoyaandika kutokana na maneno ya baba mdogo, bila yeye kujua. La kwanza: mtu akipigwa mionzi kwa mashine kisha akatoka, je, inabaki ndani yake?

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Sijui," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Miaka minne pale shuleni sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Tulikuwa tukimuuliza swali asilolitaka, anatupa kazi ya adhabu.

"Nimefundisha aina tatu za mionzi miaka ishirini," akasema. "Inazuiwa na karatasi, inazuiwa na bati, inazuiwa na risasi. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hilo lako. Au labda yupo, nikamnyamazisha." Akanyosha mkono. "Niachie hayo maswali."

Jumanne, 14 Januari

Mafuriko ya watoto wa shule wanatoa kopi. Sikusoma hata mstari.

Ijumaa, 17 Januari

Mwalimu alikuja steshenari amelowa, viatu vimejaa udongo mwekundu. Hakunisalimia. "Fungua mtandao," akasema, akanitajia herufi moja moja.

Ni kijitabu cha chuo kimoja cha nje, cha bure, kwa ajili ya wanaoanza kujifunza kuendesha mashine za mionzi hospitalini. Kina michoro. Hesabu zimewekwa mwishoni kwa anayezitaka. Ukurasa wa kwanza unasema msomaji hahitaji kujua chochote ila awe na subira. Alikuwa amekitafuta siku nne kwa simu yake ndogo.

Nikakichapa chote. Loth akakunja uso kwa ajili ya wino, kisha akauliza ni cha nini, nikamwambia. Akatia karatasi nyingine kwenye mashine mwenyewe.

Jumapili, 26 Januari

Tunasoma mimi na mwalimu ubarazani kwake, mkewe akituletea uji wa ulezi. Yeye ana Kiingereza na fizikia. Mimi nina maswali ya Mama. Akisema "inaingiliana na maada" namwambia Mama atamfukuza. Anajaribu tena. Jana alitafuta maneno ya sentensi moja mpaka uji ukapoa.

Sijamsamehe ile arobaini na nane. Ila sasa napenda kukaa naye meza moja.

Jumapili, 2 Februari

Leo nimempelekea Mama jibu.

Alikuwa jikoni, moshi umejaa kwa sababu kuni zimelowa. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia hivi. Mashine inatoa mwanga usioonekana, mkali kuliko mwanga wowote. Unakuja kwa vipande vidogo visivyo na uzito, vinaitwa fotoni. Vingine hupita mwilini moja kwa moja kama vile haupo. Vingine hugonga elektroni, zile chembe za nje ya atomu, na kuzichomoa mahali pake. Ile elektroni iliyochomolewa ndiyo inayofanya kazi: inakwenda mwendo mfupi sana ikigonga nyingine njia nzima. Ndani ya kila seli kuna uzi unaobeba maagizo ya namna ya kuishi na kuzaliana. Elektroni zikipita hapo, uzi unakatika. Seli yenye uzi uliokatika vibaya haizaliani tena. Inakufa.

"Na seli zangu nzuri? Nazo zina uzi."

"Nazo zinakatika. Ila zinajua kuunga. Za saratani zina haraka ya kuzaliana, kuunga hazijui vizuri."

Akasukuma kuni. "Na nikitoka, unabaki ndani?"

"Haubaki. Ukizima taa, mwanga haubaki chumbani. Unaweza kumbeba mjukuu siku hiyo hiyo." Nikamwambia pia kuwa kuna wanaowekewa chanzo chenyewe cha mionzi ndani kwa muda mfupi, nacho wakikitoa, kimetoka chote.

"Itaniumiza?"

Nilitamani kudanganya. "Yenyewe huisikii. Baadaye utaharisha, utachoka sana, ngozi ya chini inaweza kuwa nyeusi. Vingine huchelewa kupona."

Maji yakachemka, akayaepua. "Swali moja. Kama ni mizuri hivyo, kwa nini wanipige kila siku, wiki tano, kama walivyosema hospitali? Si wanipige mara moja yaishe?"

Sikujua. Nilimwambia sijui. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Desemba. "Nenda kaulize. Umeanza kuwa mtu wa kuaminika."

Alhamisi, 6 Februari

Jibu: ili zile nzuri zipate usiku wa kuunga nyuzi zao kabla ya kupigwa tena. Wakipiga yote kwa mara moja, nzuri na mbaya zinakufa pamoja. Nimempigia simu. Akasema, "Hapo sasa."

Jumamosi, 8 Februari

Kikao cha ukoo, kwa baba mdogo. Wajomba, shangazi, watu wazima wote, bati linapigwa na mvua hadi inabidi kupaza sauti. Baba mdogo alieleza habari za Monika, na watu wakalia, hata mimi. Kisha akasema ukoo hautampoteza mwingine kwa njia ile ile. Atatibiwa hapa hapa, kwa maombi na kwa dawa za mzee mmoja wa Mwimbi.

Nikasimama. Shangazi akanivuta sketi nikae. Sikukaa. Nikaomba kuwasomea kurasa mbili nilizoziandika kwa Kiswahili kutoka kwenye kijitabu.

"Karatasi za mtandaoni," akasema baba mdogo.

"Niulize basi. Desemba uliniuliza mionzi ni nini, nikakosa jibu. Niulize leo."

Hakuuliza. Akasema kikao hakikuitwa kwa ajili ya kufundishwa na watoto, na kwamba neno limeshapita.

Hapo Mama akainuka. Amepungua, kitenge kinamzunguka mara mbili. Alisema polepole, nasi tukainama kumsikia. "Nimewaheshimu nikasikiliza. Nimelima na nyie, nimezika na nyie. Lakini mwili huu haujagawiwa kwenye kikao chochote. Nimeuliza, nimejibiwa. Nakwenda."

"Ukienda, shemeji," akasema baba mdogo, "usitegemee mtu wa nyumba hii kukusindikiza."

"Sikumwomba mtu," akasema Mama. Tukatembea sisi wawili na mvua ile mpaka nyumbani. Njiani aliniambia nisiinamishe kichwa, watu wanaangalia.

Jumanne, 11 Februari

Karatasi za rufaa ya kwenda Dar zimeisha muda. Tunaanza upya.

Jumapili, 16 Februari

Saa nne asubuhi simu ya jirani: Mama anatoka damu nyingi, amekaa sakafuni hawezi kuinuka. Nikakimbia stendi kutafuta gari. Madereva wakasema barabara ya Pito imekatika. Nilikuwa nikitukanana na dereva wa tatu nilipoiona pikipiki ya baba mdogo inaingia mjini. Yeye mbele, Mama katikati amefungwa kwake kwa kitenge kama mtoto mgongoni, jirani nyuma amemkumbatia. Wote rangi ya tope. Alikuwa amesukuma pikipiki kwenye maji pale ilipozama, Mama akiwa juu yake.

Hospitali walimpokea, wakamwongezea damu, na ile iliyokuwa ikitoka ikazuilika. Sisi tukakaa kwenye benchi. Baba mdogo alikuwa anatetemeka kwa baridi, shati lina damu ya Mama. Bila kunitazama akasema, "Zile kurasa unazo?"

Ninazo kila siku. Nikamsomea zote, polepole. Nilipofika kwenye wiki tano akanisimamisha.

"Monika walimpiga siku chache tu. Kisha wakasema basi. Nikajua wameharibu, wanaficha."

Kijitabu kina ukurasa kuhusu hilo. Ugonjwa ukishaenea sana, hupigwa siku chache kupunguza damu na maumivu. Si kuponya. Nilimwuliza kama mama mdogo aliacha kutoka damu baada ya hapo. Akafikiri. "Iliacha. Alilala vizuri wiki ile. Alikuwa anacheka." Akanigeukia. "Kwa hiyo si mionzi iliyomwua."

"Hapana, baba mdogo. Alikuwa amechelewa kufika."

"Kwa hiyo sikumpeleka kufa."

"Hapana."

Akainuka akatoka nje, akasimama uani kwenye mvua, mikono imening'inia. Wauguzi walimwita aingie. Hakuingia. Miezi miwili nimekuwa nikimwona mtu mjinga anayetupinga. Leo nimeona mtu ambaye kwa miaka sita aliamini amemwua mke wake, na hakuna mtu mmoja pale hospitali aliyekaa naye kumwambia maneno ishirini. Nina hasira leo pia, ila si naye.

Jumatano, 19 Februari

Mama anakaa kitandani, anagombana kuhusu chumvi.

Jumatano, 26 Februari

Rufaa mpya imetoka. Mwalimu Isdori amesoma rasimu yangu ya Kiswahili kuhusu mionzi, sasa kurasa tisa, akapiga mstari chini ya makosa mawili. Moja lilikuwa kosa kweli. La pili tulilibishania, nikashinda mimi.

Jumatatu, 3 Machi

Stendi alfajiri, ukungu. Mama, mimi, na mabegi. Basi limewashwa baba mdogo akatokea na koti la mvua na kibegi, akapanda, akakaa kiti cha nyuma yetu.

"Unakwenda wapi, shemeji?" Mama akamuuliza.

"Nataka kuiona hiyo mashine kwa macho yangu."

Mama akageuka mbele.  Basi liliposimama Laela, baba mdogo alinunua mahindi ya kuchemsha dirishani, akampitishia moja juu ya kiti. Mama akalipokea.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya kwanza. Dar joto, nguo hazikauki kwa jasho. Mama aliingia peke yake. Mlango wa chumba cha mashine ni mnene kuliko ukuta wa kanisa letu. Baba mdogo alimfuata mtaalamu wa mashine akamwuliza kama anaweza kuchungulia ikiwa imezimwa. Kijana yule alimwonyesha. Akatoka akasema, "Ni kubwa. Ila haina moto." Akakaa chini.

Mama alitoka baada ya muda mfupi. "Sikusikia kitu. Mmehakikisha imewashwa?"

Alhamisi, 20 Machi

Anaharisha. Baba mdogo amerudi nyumbani kupalilia shamba lake na la Mama.

Ijumaa, 28 Machi

Amechoka mno. Alinishika mkono akasema, "Ulinieleza. Ndiyo maana siogopi." Kisha akatapika.

Jumatano, 9 Aprili

Loth amepiga simu kutoka Sumbawanga: mvua zimeanza kukata, na watu watatu wamekuja dukani wakiulizia "zile kurasa za mionzi za Kiswahili". Mwalimu Isdori ndiye aliyewaelekeza. Nimemwambia awatolee kopi.

Jumanne, 15 Aprili

Wiki za mashine kubwa zinaishia leo. Bado lile la kuwekewa chanzo kwa ndani, kisha tutasubiri vipimo. Daktari wa hapa anasema uvimbe umesinyaa sana. Hakuahidi zaidi ya hapo, nami sikumlazimisha.

Tulipokuwa tukingoja zamu, aliletwa mama mmoja kutoka Singida, Jenifa, siku yake ya kwanza. Jina lake lilipoitwa akang'ang'ania benchi. Akamwambia mwanawe kuwa amesikia ukiingia mle unaungua tumbo, na hutagusa watoto tena. Mwanawe akambembeleza. Muuguzi akasema haraka kidogo mama, watu ni wengi.

Mama yangu akainuka. Siku hizi anainuka kwa hatua mbili, kwanza mikono, kisha miguu. Akaenda akakaa kwenye benchi lile lile, akamwambia, "Mwenzangu, sikiliza. Unakuja mwanga. Huuoni. Una vipande vidogo, vinakwenda vinazigonga chembe zako, zinakimbia ovyo zinakata nyuzi za ule ugonjwa. Nyuzi zako wewe usiku zinaungwa. Ndiyo maana kesho unarudi. Ukitoka hapo, mjukuu unambeba. Mimi nimembeba wa jirani yangu wa kitanda jana."

Alikuwa ameruka kitu. Nikainama, nikasema, "Mama, nazo nyuzi nzuri zinakatika kwanza, ndipo…"

"Albina," akasema bila kunigeukia, "wewe umesoma. Mimi nimelala chini yake. Nyamaza nimalize."

Muuguzi akauliza ni nani aliyeturuhusu kufundisha wagonjwa.

"Mimi," akasema Mama, akaendelea kuzungumza.

Jenifa akamuuliza kama inauma. Mama akamwambia ukweli wote, hadi kuharisha. Jenifa akauliza tena, na kwa nini wasipige mara moja yakaisha? Mama akanitazama mimi, uso umemng'aa, kisha akamjibu mwenyewe.

Jenifa akaachia benchi. Akavua kandambili, akampa mwanawe, akaingia.